Kumtafuta mtu wa kazini mliyepoteana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila aliyefanya kazi miaka kadhaa ana mtu mmoja au wawili wasiomtoka kichwani. Msimamizi aliyemfundisha kusoma mkataba hadi mstari wa mwisho. Mteja aliyemwambia ukweli wakati wengine wanamsifu. Mwenzake wa meza ya pili aliyemsitiri siku aliyokosea mbele ya wakubwa. Kazi ikaisha, namba zikabadilika, miaka ikaenda. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu wanaotamani kumtafuta mtu wa aina hiyo lakini wanasita. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mara nyingi mtu huyo hajui alichokufanyia, na wa kumwambia ni wewe tu.

Imepita miaka kumi. Hataniona wa ajabu nikimwibukia leo?

Atashtuka kidogo, ndiyo. Lakini mshtuko huo ndio unaoupa ujumbe wako uzito. Mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha washiriki zaidi ya 5,900. Walilinganisha jinsi anayetuma salamu alivyodhani zitapokelewa na jinsi mpokeaji alivyozipokea kweli. Watumaji walikosea kwa upande uleule kila mara: walidhani salamu zao zitathaminiwa kidogo kuliko zilivyothaminiwa. Na pale ambapo mpokeaji hakuzitarajia kabisa, ndipo walipokosea zaidi. Wewe unahesabu aibu yako, mwenzako anahesabu kwamba kuna mtu amemkumbuka.

Kusita kwako pia si udhaifu wako peke yako. Mwaka 2024 Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha utafiti kuhusu watu waliopoteana na marafiki. Washiriki walikuwa na hamu ya kuwatafuta, walikuwa na anwani zao, na walipewa hata muda wa kuandika palepale. Waliotuma hawakufika theluthi moja. Wale walikuwa marafiki. Kwa mtu wa kazini, ambaye cheo na adabu vinaingia katikati, sishangai mkono ukiwa mzito zaidi.

Jambo moja la kuepuka: usiujaze ujumbe maombi ya radhi kwa ukimya wako. Mlinyamaza wawili. Sentensi moja ya kukiri kwamba ni muda mrefu inatosha, kisha ingia kwenye jambo lenyewe.

Nimtafute nani? Nimefanya kazi na watu mamia.

Usiwatafute wote. Kuamka asubuhi na kuwatumia watu arobaini ujumbe uleule ni kugawa vipeperushi, na kila mmoja atalijua hilo kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Mimi natumia kipimo kimoja. Nani alisema au alifanya kitu ambacho bado unakitumia ukiwa kazini? Labda ni namna ya kuanza kikao kigumu, au namna ya kumwambia mteja hapana bila kumpoteza, au tabia ya kuhakiki hesabu mara ya pili wakati kila mtu anataka kwenda nyumbani. Ukiona mkono wako unafanya jambo na moyoni unajua umelitoa kwa nani, huyo ndiye. Cheo chake cha leo kisikushughulishe. Kati ya watu walionijenga, mmoja alikuwa mpokea wageni, na kutoka kwake nilijifunza kwamba anayesubiri huudhika zaidi asipoambiwa kinachoendelea kuliko anaposubirishwa.

Nina hakika hanikumbuki.

Inawezekana. Msimamizi aliyepitisha mikononi mwake vijana mia mbili hawezi kukumbuka sura zote, na hilo si dharau. Ndiyo maana jukumu la kumkumbusha ni lako: taja kitengo, mwaka, kazi mliyokuwa nayo, na kama yupo mwenzenu ambaye lazima anamkumbuka, mtaje pia. Usimtahini kwa “unanikumbuka?” ukamwachia kitendawili.

Hata akikukumbuka wewe, tukio lenyewe huenda halikumbuki kabisa. Niliwahi kumwandikia mwanamke aliyekuwa msimamizi wangu nikiwa mpya kazini. Nilikuwa nimempelekea ripoti ya kurasa thelathini, nikiwa najivuna nayo. Ikarudi ikiwa na alama moja tu ya kalamu: mstari chini ya tarakimu ya ukurasa wa tisa, na pembeni maneno “Nani alihesabu hii?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeinakili kutoka ripoti ya zamani, na ilikuwa si sahihi. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika tarakimu nisiyojua imetoka wapi. Nilipomweleza hayo baada ya miaka kumi na minne, alijibu kwamba ile ripoti haikumbuki hata kidogo, “lakini swali ni langu, bado nawauliza vijana.” Kwake ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine, na nusu ya namna ninavyofanya kazi ilianzia hapo.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema “bila shaka anajua.” Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti wa mwaka 2018, waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa waliowahi kuwatendea jema. Waandishi walidhani wapokeaji wataona aibu zaidi kuliko walivyoona, na hawakutabiri jinsi wangefurahi na kushangazwa na yaliyoandikwa.

Niandike nini kwenye ujumbe wa kwanza?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ujumbe mzuri unabeba vitu vitatu: wewe ni nani kwake, kitu kimoja mahususi ulichobaki nacho, na kinakusaidiaje leo. Neno linalobeba mzigo ni *mahususi*. “Ulinisaidia sana kazini, nakushukuru kwa yote” ni maneno ambayo angeweza kuandikiwa na mtu yeyote, kwa hiyo hayamfikii. Lakini “ulinizuia mlangoni kabla ya kikao ukaniambia niongee polepole, kwa sababu anayekimbia huonekana anaficha kitu” hakuna mwingine wa kuyaandika.

Mfano, kwa msimamizi wa zamani mliyekuwa mnaheshimiana:

“Shikamoo mama. Ni mimi niliyekuwa msaidizi wako kitengo cha ununuzi, mwaka ule tulipohamisha mafaili yote ghorofa ya tatu. Leo nimemfundisha kijana mpya kulinganisha ankara na hati ya kupokea mzigo kabla ya kusaini chochote. Katikati ya maelezo nikagundua natumia maneno yako, hata ule mkazo wako wa sauti. Nimeona si haki wewe usijue. Natumaini u mzima. Usijisumbue kunijibu kama una shughuli.”

Na kwa mtu mliyekuwa rika moja:

“Mambo vipi, ndugu yangu. Miaka imekwenda. Nilikuwa napanga ratiba ya mradi leo nikakumbuka ulivyokataa kusaini ile yetu mpaka tukaongeza wiki mbili. Sote tulikukasirikia, na zile wiki mbili ndizo zilizotuokoa. Sidhani tuliwahi kukwambia. Asante. Siku hizi uko wapi?”

Kila mmoja unasomeka bila kuhitaji kusogeza kioo cha simu mara tatu. Historia ya maisha yako tangu mlipoachana itasubiri. Akitaka kuijua atauliza. Kuhusu ile sentensi ya “usijisumbue kunijibu”, iandike pale tu unapoimaanisha.

Kabla ya kutuma, usome kwa sauti. Ukisikia unaongea kama tangazo la kazi, futa uanze upya.

Ujumbe wa maandishi, barua pepe, au nipige simu?

Andika kwanza. Simu ya ghafla kutoka namba asiyoijua inamlazimu kukukumbuka papo hapo. Andiko linampa nafasi ya kulisoma akiwa ametulia, na mengine huhifadhiwa miaka. Kama alikuwa mtu wa barua pepe, mwandikie barua pepe. Kama mlikuwa mkitumiana ujumbe wa sauti, tuma wa dakika moja. Barua ya karatasi, kwa mstaafu hasa, bado haina mpinzani.

Ukweli ni kwamba natafuta kazi. Si unafiki kumkumbuka mtu nikiwa na shida?

Hapana, mradi usifiche. Unafiki ni kumwimbia sifa aya tatu, kisha kwenye mstari wa mwisho, kana kwamba limekujia sasa hivi, ukaingiza “halafu nilisikia kwenu kuna nafasi.” Hapo hata zile sifa zilizokuwa za kweli zinageuka chambo.

Watu wa zamani wana nafasi kubwa katika kutafuta kazi, na hilo limejulikana kwa muda. Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 uchunguzi wake wa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara hawakufika 17 kwa kila 100. Karibu 28 kwa kila 100 walikuwa wakionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Wengi waliosaidia walikuwa watu wa zamani hasa: mwenza wa chuo, mwajiri wa awali, mtu waliyefanya naye kazi wakaachana. Sababu si ngumu kuiona. Anayekaa nawe kila siku anasikia unayoyasikia. Aliyeondoka amekwenda kusikia mengine.

Mwaka 2011 Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan walilipima jambo hili kwa namna iliyo karibu zaidi na swali lako. Waliwaomba viongozi wa kazi zaidi ya 200 wawarudie watu waliokuwa hawajawasiliana nao kwa miaka mitatu au zaidi na kuwaomba ushauri kuhusu mradi wa kweli. Ushauri wa hao waliopoteana ulikuwa na mapya zaidi kuliko wa watu wa kila siku. Na tofauti na mgeni kabisa, mtu uliyepoteana naye ana imani nawe tayari. Imani mliyoijenga kwa kufanya kazi pamoja hulala, lakini haifi upesi.

Kwa hiyo sema wazi, mapema, kwa sentensi nyoofu: “Nakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza ni shukrani, nayo nimechelewa kuitoa. La pili, natafuta kazi, na ningependa ushauri wako.” Mtu mzima akisoma hivyo anakuheshimu. Kama unaweza kusubiri, tenganisha: shukrani mwezi huu, ombi baadaye. Lakini kama kodi inadaiwa, usijitese kwa adabu hiyo.

Ninaweza kumwomba kitu gani?

Kitu anachoweza kukitoa bila kumuuliza mtu mwingine: maoni yake, dakika ishirini za mazungumzo, jina la mtu wa kuongea naye. Ajira yenyewe usimwombe. Huenda hana uwezo wa kuitoa, na kukunyima kutamfanya akukimbie.

Namba haipatikani na barua pepe ya ofisi imekufa. Nitampataje?

Anza na watu kabla ya mitambo. Mwenzenu mmoja aliyebaki pale kazini, au yule ambaye kila ofisi inaye, anayejua nani amehamia wapi, atakufikisha haraka kuliko saa tatu za kutafuta kwenye intaneti. Mwombe *apeleke* salamu na namba yako, badala ya kumwomba akupe namba ya mwenzake. Hivyo unamwachia unayemtafuta uamuzi.

Kisha kuna LinkedIn (mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi), vyama vya kitaaluma vyenye orodha ya wanachama, vikundi vya WhatsApp vya waliowahi kufanya kazi mahali fulani, na majina ya waandishi kwenye ripoti au makala. Waliobadili jina wanapatikana kwa urahisi zaidi ukitafuta kwa kazi na mwaka kuliko kwa jina. Jihadhari na wanaofanana majina: kabla ya kumwaga kumbukumbu zako kwa mtu, muulize kwanza kama ndiye aliyekuwa kitengo fulani mwaka fulani.

Kikomo changu ni hiki: natafuta kupitia milango ya kazi. Anwani ya nyumbani, akaunti za watoto wake, picha za familia, hizo siziingilii hata zikiwa wazi kwa kila mtu. Mtu aliyehakikisha hapatikani huenda alikusudia hivyo.

Alikuwa bosi wangu. Leo tuko ngazi moja, au mimi nimempita. Nimwite nani?

Mwite kama ulivyokuwa ukimwita. Kama alikuwa “mzee” au “mama” kwako, anza hapo hapo. Akitaka mbadilike atakwambia. Cheo chako kipya kisiwe kwenye sentensi ya kwanza, wala usikifiche akiuliza. Waalimu wa kweli hufurahi kupitwa. Nimeona wachache wasiofurahi, na hata hao walilainika walipoona aliyekuja amekuja na shukrani, wala hakuja kulinganisha.

Nimetuma, amesoma, hajajibu.

Kimya kina maana nyingi, na karibu zote hazikuhusu: anaugua, amehama, ameusoma akiwa kwenye foleni akasema atajibu jioni, au umemgusa kuliko alivyotarajia na hajui aanzie wapi. Ngoja wiki tatu au nne, tuma mstari mmoja usio na lawama, kisha acha. Mara ya tatu inageuka usumbufu. Na kama ulichotuma kilikuwa shukrani, kimeshafika.

Tuliachana vibaya, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Basi huo si ujumbe wa salamu, ni wa kuomba msamaha, na usivichanganye. Taja ulichokifanya kwa jina lake: ulijichukulia sifa ya kazi yake, ulinyamaza akilaumiwa kwa kosa lako, uliondoka katikati ya mradi bila kumwambia. Usiandike “kama nilikukwaza.” Unajua ulimkwaza. Usieleze sababu zako ila akiuliza, na usiombe chochote, hata jibu. Ombi la kazi lisikaribie hapo mwaka mzima.

Anaweza kukataa. Ana haki hiyo, na inauma.

Na kama aliyeacha alama ni yule aliyenitesa?

Huna deni naye. Kuna watu wanaokumbukwa kwa sababu walimvunja mtu mbele ya wenzake, na ukweli kwamba ulijifunza uvumilivu humo hauwafanyi walimu. Wapo waliopata nafuu kwa kumwandikia mtu wa namna hiyo. Nimewaona wengi zaidi waliojifungulia kidonda upya. Ukihisi haja ya kuandika, andika, kisha barua ibaki kwako kwa mwezi. Kama aliyoyafanya yalikuwa makosa ya kisheria, mpelekee mwanasheria kabla ya kumpelekea yeye.

Alikuwa mteja wa kampuni yangu ya zamani. Naruhusiwa?

Salamu na shukrani, ndiyo. Biashara, soma kwanza mkataba uliosaini: mingi ina kifungu cha kutowachukua wateja kwa muda fulani na cha kutunza siri, na baadhi vinaendelea kukufunga baada ya kuondoka. Aliyehamia kampuni shindani umtafute kama mtu, na mambo ya ndani ya kazi zenu yabaki nje ya mazungumzo.

Mtu wa zamani amenitafuta ghafla, anaomba pesa.

Au anakuomba umtumie tarakimu za uthibitisho “zilizokuja kwako kwa bahati mbaya.” Akaunti nyingi huibwa kwa njia hiyo hiyo, kisha mwizi huwaandikia watu walio kwenye orodha ya mwenye akaunti. Usitume chochote. Muulize jambo ambalo ninyi wawili tu mlilijua kazini, au mpigie kwa njia nyingine.

Amejibu kwa furaha. Sasa nina wajibu wa kuwasiliana naye kila wiki?

Hapana, na hofu hii imewazuia wengi kuanza. Robin Dunbar, kwa kulinganisha ubongo wa nyani na ukubwa wa makundi yao, alikadiria miaka ya 1990 kwamba binadamu anamudu uhusiano thabiti na watu wapatao 150. Wanasayansi wanaendelea kubishania idadi, lakini kila mwenye simu anajua kikomo kipo. Uhusiano mwingine ulitosha kwa mazungumzo mamoja marefu, mkaagana mkiwa mmefurahi. Ukitaka uendelee, ufuate kazi: tuma makala inayogusa anachokifanya, mwambie ushauri wake ulifikia wapi. Hili la mwisho watu hulisahau. Mtu amekupa saa yake, umefuata alichosema, kikafaulu, na hajawahi kusikia.

Nimemtafuta, nimeambiwa alishafariki.

Pole. Limenipata mimi pia. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo mahali nilipoanza kazi, mtu wa maneno machache, aliyenifundisha kusikiliza mashine kabla ya kuifungua. Nilikuwa na ujumbe wa kumwandikia kichwani kwa miaka sita. Siku nilipoomba namba yake, niliambiwa nimechelewa kwa miezi minne.

Niliandika hata hivyo, kwa familia yake, kupitia mwenzetu aliyekuwa bado anaifahamu. Nilieleza nilichojifunza kwa namna ileile ambayo ningemweleza mwenyewe: chumba, kelele, mkono wake juu ya kifuniko cha pampu, jinsi alivyoniashiria ninyamaze. Familia humjua mtu kama alivyokuwa nyumbani, na zile saa nane alizokuwa kazini kila siku, kwa miaka thelathini, zinabaki kwetu sisi tuliokuwa naye huko. Binti yake alijibu wiki ileile. Alisema baba yao alikuwa na tabia ya kuwanyamazisha wote mezani ili asikilize jokofu, na walikuwa wakimcheka. Akaniuliza kama nakumbuka mengine.